Dawa ya Kizimba cha Nne

Asiut, 12 Februari 1989

Binti wa dada yangu, Daktari Demiana,

Salamu zikufikie huko Lyon, na zikukute umevaa soksi mbili mbili. Huku sote tunapumua. Mama yako Tafida goti linamsumbua, lakini mdomo ni mzima kabisa: jana amenigombeza kuanzia mlangoni mpaka mezani kwa sababu nilikuja na mkate wa juzi. Narges, binamu yako, amechumbiwa na mwalimu wa hesabu. Kijana mpole, anakula kama anayeogopa tonge lisije likalia.

Tuje kwenye kazi. Panya wako thelathini na wawili, wale uliowabana mshipa wa figo mpaka presha ikawapanda, wako salama. Hakuna aliyekufa wala aliyetoroka. Kila asubuhi natoa pakiti zako za karatasi, moja kwa kila kizimba, nakoroga unga na maji, nawanywesha mmoja mmoja kwa ile sindano butu. Kizimba cha kwanza maji matupu, maskini wa Mungu. Cha pili ile dawa ya presha, kaptopril, inayonuka yai viza. Cha tatu dawa ya mkojo. Cha nne zote mbili, nusu ya hii na nusu ya ile. Jumamosi nawapasha joto chini ya taa, nawazungushia kitambaa, navisha mkia ule mpira, mashine inachora.

Wiki hii ya tatu presha zao ni hizi: cha kwanza 192, cha pili 168, cha tatu 174, cha nne 141.

Mia arobaini na moja! Nimepima mara mbili nikidhani mashine imelewa. Mimi niliyeacha shule darasa la nne kwa kumficha chura kwenye kofia ya mwalimu naona kabisa kwamba nusu mbili zimeishinda nzima. Sijui nyinyi wasomi mnasubiri nini kutangaza.

Mengine ni madogo. Kisogo changu kinagonga asubuhi kama mtu anayebisha hodi. Tarehe kumi Mei nakwenda mbele ya bodi ya afya kuomba mwaka mwingine kazini. Unajua tangu nitimize sitini wananiongezea mwaka mmoja mmoja, kama mtu anayempa mbuzi majani. Watanifunga mpira mkononi kama mimi ninavyowafunga wenzangu mkiani.

Mjombako,
Sidhom


Lyon, 1 Machi 1989

Mjomba mpenzi,

Naubusu mkono wako na wa mama. Mwambie asinitumie tena jibini kwa posta. Lilifika likiwa limejitambulisha kwa jengo zima. Mimi sijambo. Najifunza kupima kile kitu ambacho figo hukimwaga kwenye damu, na jioni napika dengu kwenye jiko la sahani moja.

Hiyo 141 nimeisoma nikaicheka peke yangu kama mwehu. Mjomba, sikia, nataka uelewe kilicho mezani. Usajili wangu chuoni unakwisha tarehe thelathini Juni. Profesa Ikbali amesema wazi: kizimba cha nne kikivishinda cha pili na cha tatu mpaka wiki ya kumi na sita, tasnifu inapita. Kisiposhinda, nafutwa kwenye orodha ya walimu wasaidizi, napewa meza ofisini nigonge mihuri mpaka nizeeke. Miaka mitano ya kazi yangu iko ndani ya wale panya wanane wa kizimba hicho. Na hakuna mwingine wanayemtulia mikononi isipokuwa wewe. Panya akitishwa presha inaruka, na namba haifai hata kufungia karanga.

Sasa kisogo. Kisogo hakibishi hodi, Mjomba. Hiyo ni presha. Mjomba Habib naye alisema hivyohivyo, "kinagonga tu, kitaacha," mpaka alipoangukia sokoni kwenye vitunguu. Nenda zahanati ukapimwe. Ni mtaa wa nyuma tu! Na uache zile achari za mtungini, chumvi yake ingemkausha ngamia.

Binti yako,
Demiana


Asiut, 20 Machi 1989

Daktari wa panya na wajomba,

Amani kwako. Kwaresima imeanza, mama yako anatulisha maharage asubuhi, maharage mchana, na jioni anauliza tunataka nini kisha anapakua maharage. Mchumba wa Narges alikuja na keki ya siagi katikati ya mfungo. Mama yako akaitazama kama mtu aliyeletewa nyoka. "Mwanangu," akamwambia, "hesabu unajua, kalenda je?"

Zahanati sikwenda. Usifoke. Yule karani wa zahanati ndiye huyohuyo anayepeleka mafaili kwenye bodi. Akiandika "presha" leo, tarehe kumi Mei wananishukuru, wananipa saa ya ukutani na kunisindikiza getini. Halafu mkia wa panya wako atashika nani? Mama yako?

Na kisogo kimenyamaza chenyewe. Kwa hiyo sina hata cha kumwambia daktari. Jana nimepanda ngazi za jengo zima bila kushika ukuta.

Nilikwenda kwa Baba Bisenti na swali la dini. Nikamuuliza: kinywaji kinachonuka yai, lakini hakina yai, kinavunja mfungo? Akanitazama. "Sidhom, unakunywa nini?" Nikamwambia ni swali tu la kutaka kujua. Akasema, "Maswali yako ya kutaka kujua yamenizeesha." Hakujibu. Ndio makasisi wa siku hizi.

Namba: cha kwanza 190, cha pili 166, cha tatu 175, cha nne 158.

Ni upepo wa mchanga. Panya hawapendi vumbi.

Sidhom


Lyon, 8 Aprili 1989

Mjomba,

Salamu kwa wote, hongera kwa Narges, pole kwa keki.

Mia hamsini na nane? Upepo wa mchanga? Vizimba vyote vinne viko chumba kimoja, Mjomba! Upepo ulipiga hodi kizimba cha nne tu, vingine ukaviruka kwa adabu?

Nijibu haya, na unijibu yote. Taa inawaka muda uleule? Mpira wa mkia haujapasuka? Maji wanakunywa kama kawaida? Kuna aliyeumwa? Umechanganya vizimba wakati wa kuosha? Pakiti za kizimba cha nne unawapa zote, kila siku? Mtu mwingine ana ufunguo?

Sijalala vizuri tangu barua yako ifike. Profesa wa hapa ananiuliza habari za panya wangu kila asubuhi, nami namwambia wazima, kama mtu anayeficha msiba.

Na swali la nane: umepimwa?

Demiana


Asiut, 3 Mei 1989

Binti Tafida,

Kristo amefufuka! Pasaka imepita salama, na kesho yake, sikukuu yetu ya kunusa upepo, tulikwenda wote bustanini kando ya mto. Mama yako alibeba samaki wa kuvundikwa, wale wenye chumvi mpaka meno yanalia. Nilikula wawili. Ndiyo, wawili! Andika hilo pia kwenye orodha ya makosa yangu.

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho, ingawa imeandikwa kama hati ya polisi. Majibu: Taa ni ileile. Mpira mzima. Maji wanakunywa. Hakuna mgonjwa. Sijachanganya vizimba, mimi nilikuwa naosha vizimba wewe ukiwa bado unanyonya. Ufunguo ninao peke yangu, umefungwa kwenye mkanda wa suruali, hata mkanda wenyewe sivui bila kufikiri. Nimemaliza.

Ijumaa Kuu ilinitesa. Nimeshikwa na kikohozi kikavu, hakina makohozi wala homa, kinatekenya tu hapa kooni. Wiki sita sasa. Ibada yote ya kusulubiwa nakohoa kama gari bovu, na mara nne nikatoka kwenda msalani. Mara nne! Mama Mariki wa kiti cha mbele akageuka: "Sidhom, Bwana alitundikwa msalabani kwa saa nyingi, wewe huwezi kubana mkojo?" Watu wakacheka mbele ya msalaba. Dhambi ni yake.

Namba: cha kwanza 193, cha pili 167, cha tatu 173, cha nne 186.

Najua. Usinipigie kelele, najua.

Bodi ni wiki ijayo.

Sidhom


Lyon, 14 Mei 1989

Mjomba,

Leo sina salamu, utaniwia radhi. Nitasalimu mwisho.

Ulinijibu maswali sita kati ya manane. Nimeyahesabu. La pakiti umeliruka, na la kupimwa umeliruka. Nilizitandaza barua zako zote kitandani nikazisoma kama ninavyosoma namba. Kisogo kinanyamaza chenyewe mwezi Machi, na mwezi huohuo kizimba cha nne kinapanda. Unauliza kasisi juu ya kinywaji kinachonuka yai. Halafu kikohozi kikavu kisicho na homa, halafu msalani mara nne.

Mjomba, kaptopril ndiyo inayonuka yai viza. Kaptopril ndiyo inayoleta kikohozi kikavu kwa binadamu. Na dawa ya mkojo, nadhani jina lake linatosha.

Unakunywa dawa ya panya wangu!

Nimekusihi miaka mitatu umeze kidonge kimoja tu. Ulisema vidonge ni vya wanawake na matajiri. Nikakuletea mashine ya kupimia, ukampimia paka. Na sasa unakunywa kwa siri, bila daktari, unga niliopimia wanyama! Unajua ni bahati ya namna gani? Dozi ya panya wanane ukiijumlisha inakaribia ya mtu mmoja. Wangekuwa panya thelathini, leo ningekuwa naandika rambirambi kwa mama.

Usiache ghafla. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo barua hii itakapofika, umwambie kila kitu.

Na mimi? Nina barua mbili hapa mezani za kwenda kwa Profesa Ikbali. Moja inasema ukweli, na nikiituma utafukuzwa kwa wizi. Nyingine inasema panya wa kizimba cha nne waliugua, niruhusiwe kuwaondoa kwenye hesabu. Hiyo nimeiandika vizuri zaidi. Sijatia stempu hata moja. Wewe umenifikisha hapa, Mjomba, mimi ambaye sijawahi hata kunakili mtihani.

Salamu kwa mama. Usimwambie.

Demiana


Asiut, 30 Mei 1989

Demiana,

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisomea ndani ya chumba cha panya, mlango nimefunga, na panya wakinitazama. Wa kizimba cha nne walikuwa na haki.

Nitasema. Kule kugonga kwa kisogo kulikuwa kukubwa kuliko nilivyokuandikia. Asubuhi ya tarehe nane Machi niliinuka kitandani na jicho la kulia halioni. Kitambo kidogo tu, kisha likarudi. Nikaja kazini. Nimesimama na pakiti ya nne mkononi, nikajisemea: Sidhom, kwa vidonge vya watu huna imani, lakini hii umeiona kwa macho yako ikimshusha panya kutoka mia tisini hadi mia arobaini na moja. Nikaitia kwenye chai. Panya nikawapa maji ya sukari kidogo wasijisikie wameonewa. Nilisema ni siku moja. Unajua siku moja inavyozaa.

Kwenye bodi nilipima mia na thelathini juu ya themanini. Daktari wa bodi akasema, "Mzee, una mishipa ya kijana." Nikamwambia ni maharage. Wakagonga muhuri wa mwaka mzima. Nikatoka pale nimefurahi kama mwizi, na ndivyo nilivyokuwa.

Basi nilipomaliza kusoma barua yako sikungoja uchague. Ungetuma ile ya uongo, nakujua, ungeituma kwa ajili yangu, halafu ungenichukia taratibu kila ukimwona panya. Nilivaa koti langu la harusi nikapanda kwa Profesa Ikbali.

"Sidhom, mbona umevaa hivyo, nani kafa?"

"Nimekuja kuungama, Profesa."

"Kanisa liko mtaa wa pili."

"Kasisi hana panya."

Akaweka kalamu chini. Nikamwambia yote, kuanzia jicho mpaka sukari. Nikamaliza kwa kukohoa.

"Wiki kumi na moja," akasema. "Wiki kumi na moja umekunywa tasnifu ya mtoto wa dada yako."

"Na nimepona nayo, Profesa."

"Nyamaza! Usithubutu kunichekesha." Akasimama, akazunguka meza, akakaa tena. "Ungeniambia unaumwa. Mimi ni daktari, Sidhom. Jengo zima hili limejaa madaktari. Unapishana nao kwenye ngazi miaka thelathini na minne!"



Nikavua ufunguo kwenye mkanda nikauweka mezani kabla hajauomba. Akasema, "Nikikuachia huu, hakuna atakayeamini namba hata moja ya msichana yule." Nikasema ndiyo maana nimeuvua. Nyongeza yangu ya mwaka imefutwa. Wizi hakuandika, ameandika "amestaafu kwa hiari". Kisha akanishika kiwiko kama mtoto akanipeleka mwenyewe kwa daktari wa moyo, akasimama pale mpaka mpira ukanifunga. Daktari ameibakiza ya mkojo, hiyo nyingine kaibadilisha. Kikohozi kimeanza kupungua.

Kuhusu wewe amesema hivi: kizimba cha nne kinaanza upya na unga mpya. Ataliomba baraza likuongezee miezi sita, lakini kwa sharti sababu iandikwe kama ilivyo. Nilitia sahihi maelezo, kurasa mbili. Hati yangu mbaya ila inasomeka.

Mama yako nimemwambia. Amenipiga kwa kanzu iliyolowa.

Sidhom


Lyon, 5 Julai 1989

Mjomba,

Naubusu mkono wako, safari hii nikiwa nimeuma meno. Mimi mzima, narudi mwisho wa mwezi. Nimemnunulia Narges vitambaa vya meza. Mwambie mchumba wake kuna kalenda pia.

Baraza limekubali. Miezi sita. Profesa ameniandikia kwamba walibishana saa nzima, mmoja akataka nifutwe papo hapo, mpaka yeye akawasomea kurasa zako mbili kwa sauti. Anasema walipofika kwenye maji ya sukari yule mbishi alitoka nje kucheka, na kura ikapigwa bila yeye.

Ameniandikia pia jambo ambalo hukunieleza. Mhudumu mpya ameng'atwa mara tano kwa wiki mbili na presha za vizimba vyote ziliruka mpaka juu. Na kwamba kila Jumamosi kuna mzee mmoja mstaafu anakuja bila kuitwa, anakaa kwenye benchi la koridoni, mpaka wakachoka wakamfungulia awashike mikia tu. Pakiti ziko kwenye kabati la Profesa, na kinywa cha mzee huyo kinakaguliwa akitoka. Sijui hilo la kinywa ni utani.

Tangu mzee huyo aanze kushika mikia, kizimba cha nne kimeshuka tena hadi 149. Nilipoiona hiyo namba nililia, halafu nikakasirika upya.

Nimeandika ile sentensi ya sababu, itakayochapwa ukurasa wa arobaini na mbili wa tasnifu. Ni hii: "Kati ya wiki ya saba na ya kumi na nane kizimba cha nne hakikupata dawa, kutokana na hitilafu ya utunzaji." Niambie kama inakuudhi.

Demiana


Asiut, 17 Julai 1989

Daktari,

Salamu kutoka kwa wote. Mama yako anafua mapazia kwa ajili yako, nyumba imelowa kama mashua. La kinywa si utani.

Sentensi yako inaniudhi sana. Hitilafu! Hitilafu ni ya taa. Hitilafu ni ya bomba. Mimi nimesimama pale kila asubuhi wiki kumi na moja nikijua ninachokifanya, nikikoroga, nikinusa, nikimeza. Atakayesoma atadhani mhudumu alikuwa mlevi au zuzu. Miaka thelathini na minne nimewashika wanyama wa watu waliopata digrii, sijaona hata mmoja aliyeniandika. Sasa mmoja anataka kuniandika, ananiita hitilafu.

Na usiniandike "mhudumu" tu. Wizi usio na jina utamwangukia huyu kijana mpya, naye vidole vyote vina plasta.

Andika hivi, na Profesa nimeshamwonyesha, amesema ni Kiarabu kibovu ila ni sahihi: "Mtunza wanyama Sidhom Matta alikunywa dawa ya kizimba cha nne kwa wiki kumi na moja, kwa sababu aliona kwa macho yake kwamba inafanya kazi, na kwa sababu aliogopa kufa na akaona haya kusema."

Usirembe. Usipunguze neno la mwisho.

Mjombako,
Sidhom Matta